Malizeni Mchezo Wenu

Jumanne moja ya Oktoba mwaka 1934, saa tisa na nusu alasiri, Mkungu Kashaija alifika kwenye rweya ya Kibingo akiwa na wanaume wanne, kamba ya kupimia, vijiti hamsini vya kuchomeka ardhini na matenga sita ya miche ya kahawa. Mkungu ndiye mkuu wa kijiji, na rweya ni ardhi ya majani isiyo na mwenyewe, ambako mbuzi hula na nyasi za kuezekea hukatwa. Rweya ya Kibingo ilikuwa mteremko mzuri wenye mawe machache, na kila alasiri watoto waliichukua yote bila kumwomba mtu. Siku hiyo aliwakuta katikati ya mchezo.

Mchezo wenyewe haukuhitaji kitu cha dukani. Shina la mgomba uliokwisha kuvunwa lilikatwa kipande cha mviringo, unene wa kiganja, kikawa gurudumu. Watoto wa Mlimani waliliachia kutoka juu. Watoto wa Bondeni walisimama mstari mmoja kando ya njia yake, kila mmoja na mkuki wake wa mti wa msambya uliochongwa ncha, na kila mmoja alikuwa na haki ya kurusha mara moja tu. Atakayelichoma likaanguka, upande wake unapanda juu. Duru haikuisha mpaka gurudumu lianguke. Hapakuwa na mwamuzi, kwa sababu kila aliyekuwepo alikuwa mwamuzi, na kelele za kuamua zilifika mpaka kwenye migomba ya kijiji cha pili.

Mwisho wa mstari wa Bondeni alisimama Kokuhirwa, binti wa miaka kumi na mmoja. Aliwekwa pale kwa sababu mvulana mmoja alikuwa amepelekwa kwa mjomba wake Ihanda, na mwisho wa mstari ni mahali pa kumweka mtu usiyemtegemea. Gurudumu halikuwahi kufika huko likiwa limesimama. Hilo halikumsumbua. Mteremko ule ulikuwa mahali pekee duniani ambapo hakuna mtu aliyemtuma maji, na alikuwa tayari kusimama mwisho wa mstari wowote ilmradi awe pale.

Kashaija hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana watu wabaya ni rahisi mno kuwasimulia. Alikuwa mtu wa adabu aliyechukia kumkatiza mwenzake, hata mwenzake akiwa na kamasi puani. Watoto walipiga magoti wakamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi juu ya jiwe, akatoa kahawa za kutafuna kwenye kifuko chake cha ukindu na kutia moja mdomoni.

"Malizeni mchezo wenu," akawaambia, "halafu tutapanda."

Aliyasema hayo mbele ya watu wazima wanne na watoto ishirini na watatu.

Aliyeachia gurudumu alikuwa Projest wa Mlimani, mwenye miaka kumi na mitatu na mikono mirefu. Lilishuka vizuri. Wa kwanza wa Bondeni alirusha akakosa, wa pili akakosa, na wote kumi walikosa, labda kwa kuwa macho yao yalikuwa kwenye matenga ya miche. Gurudumu lilimfikia Kokuhirwa taratibu, karibu kiasi kwamba angeweza kulisukuma kwa mguu. Aliinua mkuki. Alikuwa amelisikia neno la mkungu, na alilisikia vizuri kuliko mkungu mwenyewe. Akaushusha mkuki.

Gurudumu lilifika chini, likalizunguka jiwe la mpaka, likaanza kupanda. Lilipanda kwa mwendo uleule liliokuja nao, likafika miguuni kwa Projest, likageuka na kushuka tena. Watoto walitazamana kuona kama kuna sheria iliyovunjwa. Hapakuwa na sheria iliyovunjwa. Kokuhirwa alikuwa bado na mkuki wake, gurudumu lilikuwa halijaanguka, na duru ilikuwa inaendelea.

"Bado wanacheza," mmoja wa wale wanaume alisema jua lilipokaribia kuzama.

"Naona," alijibu Kashaija.

"Tufanyeje, mkungu?"

"Nimeshasema wamalize."

Wakabeba matenga yao wakarudi nyumbani. Jua lilipozama gurudumu lilisimama wima katikati ya mteremko, bila kuegemea kitu, na kesho yake saa tisa likaendelea.

Siku ya tatu alikuja Adelgunda, mama yake Kokuhirwa, na jembe begani. Alilitazama gurudumu likipanda na kushuka mara mbili, akamtazama mkungu juu ya jiwe lake.

"Choma hicho kitu, uje uchote maji," alimwambia binti yake.

"Nikikichoma watapanda, mama."

"Watapanda tu."

"Mkungu alisema tumalize kwanza."

Adelgunda alikuwa na watoto watano na paa linalovuja, na alitaka bati la fedha ya kahawa kama mtu mwingine yeyote. Lakini alikuwa amekulia kijiji kilekile na alijua neno lililosemwa mbele ya watu lina uzito gani. Alishusha jembe, akalipandisha tena begani.

"Basi maji yataletwa na mdogo wako," alisema, akaenda zake.

Wiki ya pili miche ilianza kuwa ya njano matengani. Watu walioahidiwa mistari miwili miwili ya kahawa walianza kunung'unika, kwanza jioni kwenye rubisi, pombe ya ndizi, kisha mchana kweupe. Wengine walishauri gurudumu lipigwe panga. Kashaija alikataa, akasema hakusema wamaliziwe mchezo, alisema wamalize. Mwishowe alipeleka habari kwa mwami wa gombolola, mkuu wa vijiji vyote vya jirani, aliyekuwa juu yake kwa cheo, na mwami akaja mwenyewe kwa baiskeli, karani wake akikimbia nyuma na daftari kichwani.

Mwami aliangalia gurudumu likipita mara tano, kisha akaanza kusikiliza kesi.

"Kashaija, ulisema?"

"Nilisema."

"Mbele ya mashahidi?"

"Mbele ya mashahidi na mbele ya miche."

Mwami akamgeukia Kokuhirwa, aliyekuwa amepiga goti moja tu ili mkuki usiguse ardhi.

"Nawe, utarusha lini?"

"Nikiwa tayari, mwami."

"Sheria yenu haina kikomo cha muda?"

"Haina."

Karani aliandika kwamba haina. Kisha mwami akatoa hukumu, na hukumu ikaingia daftarini: mahali gurudumu linapopita pasipandwe kitu mpaka mchezo uishe, mahali lisipopita hakuna mchezo, kwa hiyo papandwe. Karani aliinama na kupima njia ya gurudumu kwenye majani. Ilikuwa na upana wa kiganja kimoja na vidole viwili.

Kila mtu aliona hukumu ni ya haki. Kashaija alishukuru, wanaume wakachukua kamba, na kabla ya jua kuzama vijiti vilikuwa vimeshachomekwa upande huu na upande ule wa njia. Kokuhirwa peke yake ndiye aliyebaki akiutazama mteremko uliokuwa ukibeba watoto ishirini na watatu bila kujaa, na ambao sasa usingeweza kubeba hata nyayo zake mbili zikiwa sambamba. Aliumia, akalia, akafuta machozi kwa mkono usioshika mkuki. Kesho yake saa tisa alikuwa mahali pake.

Kahawa haikui kwa kuangaliwa, lakini hukua. Mwaka wa kwanza watoto waliendelea kuja, wakakaa kwenye jiwe la mpaka na kulishangilia gurudumu likipita kati ya miche iliyowafika magotini. Mwaka wa pili walitumwa kuleta majani ya kutandaza chini ya miche, na alasiri zikawa zinaishia hapo. Mwaka wa nne kahawa ilizaa. Ikagundulika kwamba matawi ya chini ya mbuni yapo kwenye urefu wa mtoto, na kwamba mtu mzima akiyachuma kiuno kinamuuma. Hapakuwa na tangazo lolote. Hakuna aliyewakataza watoto kucheza. Ukimuuliza mzazi yeyote wa Kibingo angekuapia hivyo, na angekuwa anasema kweli. Walipewa vikapu tu. Watoto wa Mlimani na watoto wa Bondeni wakachuma pamoja bila kujali pande, na gurudumu likija walisogeza vikapu vyao bila kuinua macho.

Kila siku saa tisa ilipofika, Kokuhirwa alishuka na kusimama mwisho wa mstari ambao haukuwa na mtu mwingine. Aliinua mkuki, gurudumu likapita, akaushusha. Kisha alichukua kikapu chake akachuma kama wenzake, kwa maana ukaidi haukumwondolea kazi.

Mwaka 1940 Projest alirudi kutoka shule ya misheni akiwa mwalimu mwenye kaptura nyeupe na filimbi shingoni. Alikuja mteremkoni Jumamosi moja, akakuta gurudumu aliloliachia yeye likishuka. Alisogea kidogo lipite.

"Kokuhirwa, bado tu?" aliuliza.

"Bado tu, mwalimu. Wewe ndiye uliyeliachia vizuri."

"Limalize sasa. Mambo haya ya vijiti yamepitwa. Shuleni tuna mpira wa ngozi, wa kweli, kutoka Bukoba."

"Watoto wanaucheza?"

"Wataucheza. Kuna ratiba."

"Mpira wenyewe uko wapi?"

"Sandukuni."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo anao padri."

"Na padri?"

Projest alishika filimbi yake kama mtu anayehakikisha kitu hakijapotea. "Padri yuko Bukoba," alisema.

Walisimama pamoja, gurudumu likapita mara mbili. Projest alikuwa mtu mwema, na aliona haya. Alisema labda Pasaka. Kisha akakumbuka kwamba watoto kumi na saba kati ya ishirini aliokuwa nao darasani hawakuwa wakifika shuleni siku zile, kwa kuwa kahawa ilikuwa imeiva, naye hakuitaja tena Pasaka.

Mwaka uliofuata Kokuhirwa aliposwa na Cassian wa Bondeni, mkulima mpole mwenye migomba mizuri. Mazungumzo ya mahari yalikwenda vizuri mpaka Adelgunda aliposema kwamba binti yake atahitaji kuwa huru kila siku saa tisa alasiri. Upande wa Cassian waliomba watoke nje kidogo wakashauriane. Walirudi wakasema saa tisa si saa ya kupika wala si saa ya kulima, kwa hiyo hawana neno. Mkuki wa msambya ukaenda na bibi harusi pamoja na mikeka na vibuyu.

Kilichosahaulika na pande zote mbili ni desturi. Bibi harusi wa huku hafiki na kuanza kutembea ovyo. Hufungiwa ndani, hupakwa siagi, hulishwa, hafanyi kazi, na jua halimwoni mpaka siku zake zitimie. Kokuhirwa aliwekewa miezi miwili. Siku ya kwanza, saa tisa ilipokaribia, alikaa kitandani na mkuki magotini, akiwaza kwamba miaka saba ya kusimama imekwenda na maji. Aliogopa kuliko alivyoogopa mbele ya mwami.

Kule mteremkoni gurudumu lilisimama juu, likangoja kidogo, kisha likaiacha njia yake. Lilipita katikati ya mistari ya kahawa, likavunja matawi mawili matatu, likakata kona kwenye migomba ya Cassian, likaingia kwa mlango wa mbele. Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi. Aliinua miguu ili lipite. Gurudumu lilipita mbele ya kitanda, Kokuhirwa akainua mkuki, akaushusha, nalo likatokea mlango wa nyuma.

"Litakuwa linakuja kila siku?" aliuliza mama mkwe.

"Kila siku, mama, mpaka jua kuzama."

"Basi nitahamisha vyungu."

Akahamisha vyungu. Kokuhirwa alibaki na miezi miwili ya kufikiri, jambo ambalo mwanamke wa Kibingo hulipata mara moja tu maishani, na hakuipoteza. Miaka saba alikuwa ameamini kwamba anasimama mahali gurudumu linapopita. Sasa aliona kwamba gurudumu linapita mahali anaposimama yeye. Hukumu ya mwami haikusema njia ni ipi. Ilisema tu mahali linapopita.

Siku alipotolewa nje, aking'aa siagi na kufumba macho kwa jua, alikwenda moja kwa moja mteremkoni. Hakusimama mahali pake pa zamani. Alisimama hatua moja kushoto, kati ya mbuni na mbuni.

Gurudumu lilishuka hatua moja kushoto. Liliangusha mstari mzima.

Kashaija aliitwa. Alikuwa na mvi sasa na alitembea na fimbo. Alisimama muda mrefu akiitazama mibuni iliyolala, kahawa mbichi zikiwa zimetawanyika chini, kisha akamwagiza mtu aende gombolola daftari lisomwe. Daftari lilisomwa. Neno lilikuwa lilelile. Wanawe walimwambia aende kwa mwami mpya apate hukumu nyingine, akasema hukumu aliiomba yeye, neno ni lake, na mibuni aliipanda yeye. Alivua joho akang'oa mashina yaliyobaki kwa mikono yake mwenyewe. Hakumsemesha Kokuhirwa mwezi mzima, lakini hakupanda tena mahali pale hata mche mmoja.

Hatua moja kila mwezi, mwezi mpya unapoandama. Hivyo ndivyo Kokuhirwa alivyojipangia, ili majani yapate muda wa kushika ardhi nyuma yake, na ili watu wasiseme ana pupa. Alisema hivyo waziwazi kwa yeyote aliyeuliza. Alipokuwa na mimba ya Felicitas alisimama na mkuki wake vilevile. Alipojifungua, gurudumu lilikwenda nyumbani siku zile za uzazi, likampita yeye na mtoto, na mama mkwe akahamisha vyungu tena. Alizika mtoto wa pili, akasimama. Mibuni ilirudi nyuma mstari kwa mstari, upande wa kushoto kwanza, kisha upande wa kulia. Cassian alichekwa kwenye rubisi kwamba mkewe ana miadi na mgomba. Alijibu kwamba angalau anajua ni mgomba upi, wakamwacha.

Mwaka 1951, mwezi wa Julai, mbuni wa mwisho uling'olewa. Rweya ya Kibingo ilikuwa majani matupu kutoka jiwe la juu mpaka jiwe la mpaka, na mbuzi walirudi kana kwamba hawakuwahi kuondoka. Kokuhirwa alikuwa na miaka ishirini na minane. Alikwenda mapema siku hiyo. Alikuwa amekata mikuki kumi mipya ya msambya, akaichomeka ardhini mstari mmoja, kila mkuki mahali pa mtoto mmoja. Saa tisa gurudumu likaanza kushuka. Likapita mkuki wa kwanza, wa pili, wa tano, wa kumi, likampita yeye, likageuka. Hakuna mtoto aliyekuja. Alingoja mpaka jua likafika kwenye vilima vya upande wa pili, na furaha aliyokuja nayo ikamtoka kidogo kidogo mpaka ikaisha.

Kashaija alikuja na fimbo yake. Aliketi kwenye jiwe lake la zamani, akatoa kahawa ya kutafuna, akampa naye moja.

"Umeshinda, mwanangu," alisema. Hakukuwa na uchungu katika sauti yake.

"Bado, baba. Watoto wako wapi?"

"Wako kwenye kahawa."

"Kahawa ipi? Yote imeng'olewa."

Kashaija alinyoosha fimbo. Ng'ambo ya bonde, rweya ya pili ilikuwa imepandwa, na ya tatu, na vilima vilivyoelekea Kamuli vilikuwa vya kijani kilichokolea toka chini hadi juu. Kila shina alilong'oa kwa heshima ya neno lake, alikuwa amepanda matano mahali ambapo hakuwahi kusema neno lolote.

"Wanatoka saa ngapi?" aliuliza Kokuhirwa.

"Giza likiingia. Asubuhi shule, mchana kuchuma, alasiri kuanika."

"Uliahidi watamaliza mchezo."

"Niliahidi uwanja," alisema mzee, taratibu, kama mtu anayeisoma hati ili asikosee. "Saa sikuahidi. Hakuna aliyeniomba saa."

Alikuwa anasema kweli, na kweli hiyo ilimuuma Kokuhirwa kuliko kile kiganja na vidole viwili. Miaka kumi na saba alikuwa amepigania mahali. Alitafuna kahawa yake mpaka ikaisha ladha. Kisha akaing'oa ile mikuki kumi, akaifunga kwa kamba ya mgomba, akaenda nyumbani kupika.

Kesho yake hakwenda rweya. Alikwenda kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, ambako watoto ishirini na wanne walikaa kwenye mikeka mirefu wakigeuza kahawa na kuchagua mbovu. Felicitas, binti yake wa miaka tisa, alikuwa mkeka wa tatu, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa maganda. Msimamizi alikuwa Aristides, kijana nadhifu aliyependa mambo yaende kwa mpango.

"Shikamoo, mama Felicitas," alisema Aristides. "Umekuja kusaidia?"

"Marahaba. Nimekuja kusimama."

Akasimama mwisho wa mkeka wa mwisho. Saa tisa gurudumu liliingia uwanjani kutoka upande wa barabara. Aristides alikuwa mtoto wa Kibingo, naye alijua nini kinapita. Lakini kahawa iliyokauka hupasuka ikikanyagwa, na kahawa iliyopasuka hukataliwa kwenye mzani.

"Inukeni," aliwaambia watoto. "Kunjeni mikeka, lipite."

Watoto wakainuka, wakakunja mikeka. Gurudumu likapita uwanja mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, Kokuhirwa akainua mkuki, akaushusha. Watoto walisimama na mikono yao mitupu wakiitazama, kwa sababu hawakujua mikono mitupu hufanya nini saa kama hiyo. Gurudumu lilipogeuka kurudi, Felicitas alikuwa njiani. Hakusogea. Aliruka juu yake, miguu miwili kwa pamoja, akatua upande wa pili na kucheka.

Siku ya pili waliruka watano. Mwisho wa wiki waliruka wote, na palikuwa na mabishano makali juu ya nani amegusa na nani hajagusa, na hapakuwa na mwamuzi.

Aristides alifungua mdomo awaambie jambo. Mzee Kashaija, aliyekuwa akipita na fimbo yake, alimshika mkono.

"Usiwaambie neno lolote," alimnong'oneza. "Hesabu tu."

Aristides akafunga mdomo. Alituma mtu gombolola, na jibu likarudi kutoka kwa karani yuleyule, mzee sasa, na daftari lilelile: gurudumu likipita, watoto wasimame, likishapita, wakae. Ilikuwa hukumu ya haki. Aristides alipima mara tatu akapata kwamba, kwa mwendo wake, gurudumu linamaliza uwanja kwa hesabu ya kumi na mbili. Huo ndio ukawa muda wa watoto wa Kibingo. Gurudumu lilipoingia walikunja mikeka, wakaruka, wakabishana, wakasukumana, na msimamizi akahesabu kwa sauti. Alipofika kumi na mbili wakakaa, wakakunjua mikeka, wakaendelea kuchagua mbovu mpaka lirudi tena. Kahawa haikupungua. Mwaka ule ilizidi.

Rweya ilibaki tupu, na majani yake yakafika kifuani kwa mtu. Hakuna aliyepanda pale, kwa sababu mchezo ulikuwa haujaisha.

Mwezi mpya ulipoandama, Kokuhirwa alikuja uwanjani saa tisa kasoro, kama siku zote. Aliwaamkia watu. Alimfunga Felicitas kitambaa kilichokuwa kinamdondoka. Kisha akaenda mwisho wa mkeka wa mwisho, akapapita, akasimama hatua moja mbele zaidi, kwenye majani.

Gurudumu likaingia. Watoto wakainuka.

"Kumi na moja," alihesabu Aristides, "kumi na mbili," akatazama, gurudumu lilikuwa bado halijamfikia mwanamke mwenye mkuki, na Felicitas alikuwa hewani.

"Kumi na tatu," alisema Aristides. "Kaeni."